Mgongo unauma, simu inafundisha: nani atakushika ukiyumba?

Na Mwandishi Wetu

Dar es Salaam. Simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai juu ya stuli. Kioo chake kinamwonyesha kijana aliyevaa bukta akiinua mguu wa kushoto taratibu. Mbele ya simu, ndani ya chumba cha kupanga Mbagala, mama wa makamo, fundi cherehani, anamfuatisha. Kitanda kiko nyuma yake, cherehani ubavuni, ndoo za maji mlangoni. Nafasi iliyobaki inamtosha mtu mmoja kusimama.

Sekunde za mwanzo ametulia. Kisha kifundo cha mguu uliobaki chini kinaanza kutetemeka, vidole vinang'ang'ania sakafu, nyonga inachomoka upande na mkono unatupwa kutafuta ukingo wa kitanda. Ameupata. Kijana wa kwenye simu hana habari, anaendelea kuhesabu kwa Kiingereza.

Kiuno kimemsumbua mama huyu kwa miaka. Hospitalini alipimwa, akaambiwa pingili ziko salama na hakuna mshipa wa fahamu uliobanwa, akaandikiwa mazoezi tiba mara mbili kwa wiki. Alianza vizuri. Kisha nauli, foleni na nguo za wateja zilizolala bila kushonwa vikamrudisha nyumbani. Mtaalamu aliyekuwa akimhudumia akamtumia video chache kwa WhatsApp, na mpwa wake akamwongezea nyingine alizookota mtandaoni. Sasa anafanya zote, na hakumbuki tena zipi zilitoka hospitalini.

Watu milioni 619

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 duniani, yaani mmoja kati ya kila 13, walikuwa na maumivu ya kiuno. Hilo ni ongezeko la asilimia 60 tangu mwaka 1990. Ifikapo 2050 watafika milioni 843, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo itakuwa Afrika na Asia.

Kwa wagonjwa takriban tisa kati ya kumi, hakuna ugonjwa mmoja unaoweza kunyooshewa kidole. Picha ya eksirei inatoka safi, vipimo vya damu havina neno, lakini mtu anashindwa kuinama kuokota ufunguo.

Desemba 2023 WHO ilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya kiuno, yaani yaliyopita miezi mitatu bila ugonjwa mwingine unaoyaeleza. Mwongozo unapendekeza mazoezi yenye mpangilio, elimu kwa mgonjwa, tiba za kisaikolojia na baadhi ya dawa za kutuliza maumivu. Haupendekezi dawa za jamii ya afyuni, wala kuvutwa kiuno kwa mashine, wala mikanda ya kiuno.

Mikanda hiyo ndiyo inayoning'inia kwenye maduka ya dawa na meza za wamachinga. Wapakiaji mizigo wanaifunga, madereva wa bodaboda wanaifunga, na wapo wanaolala nayo. Kuuza mkanda ni rahisi kuliko kuuza mazoezi, kwa sababu mkanda unavaliwa mara moja na kazi inaendelea.

Kiuno kinavyoharibu msimamo

Msomaji anaweza kuuliza: anayeumwa kiuno anahitaji nini na kusimama kwa mguu mmoja? Si mzee, hajawahi kuanguka, na kizunguzungu hana.

Mwili hujisawazisha kwa taarifa kutoka sehemu tatu. Macho yanaona uko wapi, sikio la ndani linahisi kichwa kimeelekea wapi, na misuli pamoja na viungo vinapeleka habari kwenye ubongo kuhusu kila sehemu ya mwili ilivyokaa. Hii ya tatu ndiyo inayovurugika kiuno kinapouma muda mrefu.

Mwaka 1996 watafiti wawili wa Australia, Paul Hodges na Carolyn Richardson, walichapisha jambo lililobadilisha namna wataalamu wanavyoutazama mgongo. Walimwomba mtu ainue mkono tu. Kwa mtu mzima wa afya, msuli wa ndani kabisa wa tumbo, unaozunguka kiuno, ulikaza kabla mkono haujaanza kwenda. Kwa wenye historia ya maumivu ya kiuno, msuli huo ulichelewa. Mwili ulikuwa umeanza safari kabla ya nguzo yake kusimama.

Ubelgiji, Simon Brumagne na wenzake wa Chuo Kikuu cha Leuven waliwawekea watu vifaa vya kutetemesha misuli ya miguu na ya mgongo. Wenye maumivu ya kiuno walionekana kutegemea zaidi taarifa za vifundo vya miguu na kuupuuza mgongo, na waliendelea hivyo hata pale ambapo kifundo hakifai kutegemewa, kama mtu anaposimama juu ya kitu laini.

Ndiyo maana wengi wao, ukiwasimamisha juu ya mto na kuwafumbisha macho, wanayumba kuliko wenzao. Kwenye sakafu ngumu na macho wazi tofauti inaweza isionekane kabisa. Na anayejua kwamba anayumba hukaza mwili mzima ili asianguke, kiuno kikikaza naye.

> Mkanda unavaliwa mara moja na kazi inaendelea. Mazoezi yanataka kurudiwa kesho na keshokutwa.

Hapa niseme neno kuhusu kile kipimo cha sekunde 10 kinachozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, eti ukishindwa kusimama kwa mguu mmoja utakufa karibuni. Utafiti upo. Ulifanyika Brazil, ukachapishwa mwaka 2022, ukahusisha watu 1,702 wenye umri wa miaka 51 hadi 75. Kweli walioshindwa walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufariki katika miaka iliyofuata. Lakini walioshindwa ndio pia waliokuwa na umri mkubwa na magonjwa zaidi, na utafiti wa aina hiyo hauonyeshi kwamba kuyumba ndiko kunakoua. Anayekutumia ujumbe huo saa nne usiku hakusaidii lolote zaidi ya kukunyima usingizi.

Wajerumani wanaandikiwa simu

Kama mazoezi ndiyo dawa na wataalamu ni wachache, kwa nini simu isifanye kazi hiyo? Wapo waliolijibu swali hilo kwa sheria.

Ujerumani ilipitisha sheria ya huduma za afya za kidijitali mwaka 2019. Kuanzia mwishoni mwa 2020, daktari wa huko anaweza kumwandikia mgonjwa aplikesheni kama anavyomwandikia vidonge, na bima ya afya ya umma, yenye wanachama takriban milioni 73, inalipa. Miongoni mwa za kwanza kuingia kwenye orodha rasmi ilikuwa Vivira, ya mazoezi ya mgongo, goti na nyonga. Dozi yake ni siku 90.

Mashirika ya bima hayakufurahi. Malalamiko yao ni mawili: mtengenezaji anajipangia bei mwaka wa kwanza, na aplikesheni inaweza kuingia kwenye orodha kwa muda kabla haijathibitisha kuwa inasaidia. Mgonjwa mmoja kwa dozi moja aligharimu zaidi ya euro 200, na wapo waliopakua, wakacheza nayo wiki moja, wakaisahau.

Marekani hali ni ya kibiashara zaidi. Kampuni ya Hinge Health, iliyoanzishwa mwaka 2014, inawauzia waajiri huduma ya mazoezi ya mgongo na viungo kwa simu, na Mei 2025 hisa zake zilianza kuuzwa katika soko la New York. Fedha iliyoingia humo inaonyesha jinsi wenye mitaji wanavyoutazama mgongo unaouma.

Chini ya alama moja kati ya 24

Je, aplikesheni hizi zinasaidia? Utafiti ulio wazi kuliko mwingi niliousoma ni wa selfBACK, aplikesheni iliyojaribiwa Denmark na Norway kwa watu wazima 461 wenye maumivu ya kiuno. Nusu walipata huduma ya kawaida, nusu wakaongezewa aplikesheni. Kila wiki ilimpangia mtu hatua za kutembea, mazoezi ya nguvu na ya kunyoosha viungo, na masomo mafupi ya kuelewa maumivu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021.

Baada ya miezi mitatu, waliotumia aplikesheni walikuwa nafuu kuliko wenzao kwa wastani wa alama 0.79 kwenye kipimo chenye alama 24. Haifiki hata alama moja. Watafiti wenyewe walikiri kuwa umuhimu wa tofauti hiyo kwa mgonjwa una shaka.

Muuzaji wa aplikesheni atakuonyesha upande wa pili wa utafiti huohuo: waliopata nafuu ya angalau alama nne walikuwa asilimia 52 kwa walioitumia, dhidi ya asilimia 39 kwa wasioitumia. Namba zote mbili ni za kweli. Ya kwanza inakwambia usitarajie miujiza, ya pili inakwambia wapo waliofaidika hasa.

Lakini angalia kilichopimwa. Kipimo chenyewe ni orodha ya sentensi 24 ambazo mgonjwa anaweka tiki: navaa soksi kwa shida, nashika reli nikipanda ngazi, nageuka kitandani kwa maumivu. Hakuna sentensi inayouliza kama unayumba. Hivyo ndivyo zilivyo tafiti nyingi za mazoezi ya kiuno kwa simu: zinapima maumivu na shughuli za kila siku. Tangazo linaloahidi kurudisha uthabiti wa mwili wako kwa wiki sita linauza zaidi ya kilichothibitishwa.

Kuhusu mazoezi yenyewe ushahidi ni mkubwa zaidi. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2021 yalikusanya majaribio 249 na kuhitimisha kwamba mazoezi huenda yanapunguza maumivu sugu ya kiuno kuliko kutofanya chochote. Kwa hiyo wasiwasi hauko kwenye zoezi. Uko kwenye nani anakusimamia unapolifanya.

Wanaosema tembea tu

Pembeni ya mabishano ya aplikesheni lipo kundi linalosema mambo yasifanywe magumu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Macquarie, Sydney, walichukua watu 701 waliokuwa wametoka kupona maumivu ya kiuno na kuwapangia baadhi yao programu ya kutembea, ikipanda polepole hadi dakika 30 kwa siku, siku tano kwa wiki. Mtaalamu wa mazoezi tiba aliwaongoza kwa vipindi vichache tu. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2024: waliotembea walikaa kwa wastani wa kati siku 208 kabla maumivu hayajarudi, wasiotembea siku 112.

Kutembea hakuhitaji bando. Ni zoezi la msimamo pia, kwa sababu kila hatua ni sekunde chache za kusimama kwa mguu mmoja, na barabara zetu za mitaani zenye mashimo zinafanya kazi ya mto laini bila malipo. Ila utafiti ule ulikuwa wa kuzuia maumivu yasirudi. Kwa ambaye kiuno kimekaza leo, na kwa mama anayeshona kuanzia asubuhi hadi usiku, "tembea tu" ni ushauri wa nusu.

Kamera haishiki mtu

Hofu ya wataalamu wa mazoezi tiba kuhusu mazoezi ya kwenye simu si ya kulinda ugali wao, ingawa wapo watakaosema hivyo. Zoezi la kujisawazisha lina tabia moja ambayo mazoezi mengine hayana: linasaidia pale tu linapokufikisha karibu na kuanguka. Likiwa rahisi, mwili haujifunzi. Likiwa gumu, unaanguka. Kliniki, mtaalamu anasimama nusu hatua nyuma yako, mikono imekaribia kiuno bila kukigusa, na anaona kifundo kinapoanza kucheza kabla wewe hujajua.

Simu ina vihisi vinavyotambua mwendo, vilevile vinavyogeuza picha unapolaza kioo. Ukiifunga kiunoni inaweza kupima unavyoyumba. Aplikesheni nyingine zinatumia kamera kufuatilia viungo na kukusahihisha goti likipinda vibaya. Teknolojia hiyo ni nzuri, lakini inataka mwanga, mtandao na nafasi ya kurudi nyuma ili mwili mzima uonekane. Rudi kwenye chumba cha Mbagala uone kamera itamweka wapi fundi wetu.

Tofauti nyingine isifichwe. Video iliyorekodiwa si sawa na mtaalamu aliye hai upande wa pili wa simu. Watafiti wa Melbourne waliwafuatilia watu 394 wenye maumivu sugu ya goti, wengine wakihudumiwa ana kwa ana na wengine kwa simu ya video, na matokeo yaliyotoka mwaka 2024 yalionyesha kuwa wa video hawakupungukiwa. Ni goti, si kiuno, na wagonjwa walikuwa wakionana na mtaalamu wao. Hata hivyo inadokeza kwamba umbali si tatizo kama kuna mtu anayekutazama, anayekuuliza jana ilikuwaje, na anayejua jina lako.

> Simu ya video yenye mtaalamu ni kliniki. Video ya kijana wa bukta ni picha tu.

Bando, lugha na kitochi

Kwetu mzani unaelemea kwingine. Wataalamu wa mazoezi tiba wapo, na KCMC Moshi imekuwa ikiwafundisha kwa miongo kadhaa, lakini wengi utawakuta hospitali kubwa za mijini. Mkulima wa Namtumbo mwenye kiuno kibovu hana njia ya kumwona mtaalamu mara mbili kwa wiki. Kwake simu si anasa, huenda ndiyo njia pekee.

Tatizo ni kwamba aplikesheni zenye utafiti nyuma yake zimeandikwa kwa Kijerumani, Kidenishi au Kiingereza, na zimejengwa kwa mtu mwenye intaneti isiyokatika. Video inakula bando. Na wanaohitaji mazoezi ya msimamo kuliko wote, wazee, ndio wenye simu za kitochi. Mjukuu akiondoka na simu janja yake, zoezi limeondoka naye.

Hapo naona kitu kidogo kinachoweza kufanyika bila kusubiri aplikesheni. Hospitali zinaweza kurekodi mazoezi manne au matano kwa Kiswahili, yakifanywa na mtu wa umri wa mgonjwa, ndani ya chumba chenye ukubwa wa chumba cha mgonjwa, na kuyarushia kwenye simu siku ya kwanza kabla hajatoka kliniki. Karatasi yenye michoro kwa mwenye kitochi. Simu ya kawaida ya dakika tano kila wiki kumuuliza anaendeleaje. Tunapojadili kitita cha bima ya afya kwa wote, ambayo sheria yake ilipitishwa mwaka 2023, simu hiyo ya dakika tano inastahili kuhesabiwa kama huduma.

Ukianza nyumbani

Aliyekwisha kupimwa na kuruhusiwa anaweza kuanza hivi. Simama kwenye kona ya kuta mbili, mgongo ukielekea kona, kiti kizito mbele yako. Ukiyumba nyuma kuna ukuta, ukiyumba mbele kuna kiti. Vua kandambili, ondoa mkeka unaoteleza.

Anza miguu ikiwa pamoja. Ukizoea, weka kisigino cha mguu mmoja mbele ya vidole vya mwingine, kana kwamba unatembea juu ya mstari. Baadaye ndipo uinue mguu mmoja, kidole kimoja kikigusa kiti. Pumua. Wengi hubana pumzi bila kujua, na kiuno kinakaza hapohapo. Kufumba macho ni hatua ya mwisho, na isifanywe ukiwa peke yako ndani.

Zoezi jingine linafaa asiyeweza kusimama muda mrefu. Piga magoti, viganja chini, kisha nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, bila kuacha kiuno kibonyee. Stuart McGill, mtafiti wa Canada aliyeusoma mgongo maisha yake yote ya kazi, analiweka kati ya mazoezi yake matatu makuu. Sekunde chache kila upande zinatosha, urudie.

Wanaotumia dawa za presha wawe waangalifu: ukitoka kulala ukasimama ghafla unaweza kupata kizunguzungu, na huo si wakati wa kuinua mguu.

Na wapo ambao hawatakiwi kuanza na simu hata kidogo. Ganzi sehemu za siri au mapajani, kushindwa kuzuia au kutoa mkojo na haja kubwa, mguu unaozidi kukosa nguvu, ni dharura ya kwenda hospitali leo hii. Maumivu yanayoamsha usiku pamoja na homa, jasho na kupungua uzito yachunguzwe, kwa sababu kifua kikuu hakikai mapafuni tu, kinaingia pia kwenye pingili za mgongo, na hakuna zoezi litakalokitoa. Vivyo hivyo aliyewahi kutibiwa saratani, aliyeanguka vibaya, au mzee ambaye mgongo umeanza kuuma ghafla.

Kwa waliobaki, kabla ya kulipia aplikesheni yoyote, muulize anayeiuza maswali mawili: ilijaribiwa kwa watu wangapi, na nikikwama nitaongea na nani? Akikosa jibu la swali la pili, hela hiyo ifanye nauli ya kwenda kumwona mtaalamu mara moja, akuonyeshe namna ya kusimama, kisha urudi kufanya nyumbani.